Steshenari ya mlango wa bluu, Mabibo Hosteli: fasti yia, anzieni hapa

Kila Oktoba wadogo zetu wanaokuja chuo huuliza waje na nini Dar. Godoro, ndoo, neti, pasi. Yote hayo utayapata hata ukiwa umeshafika. Mimi huwaambia watafute kwanza steshenari ya kuaminika, na kwa wanaopangiwa Mabibo Hosteli nawaelekeza kwenye hii: ukivuka barabara, ni kwenye ule mstari wa fremu, mlango wa bluu, mashine ya kopi imesogezwa karibu kabisa na kizingiti. Maandishi ya bango yameliwa na jua, kwa hiyo usihangaike kutafuta jina. Uliza kwa Anti, mwenye steshenari.

Nipo mwaka wa tatu Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nasomea ualimu wa Historia na Jiografia, nimetokea Namtumbo. Nimekuwa mteja wa Anti tangu muhula wa kwanza, na ninayoyaandika hapa nimeyaona mwenyewe.

Bei kwanza. Kopi shilingi 50 ukurasa, kuprinti 100, rangi 500, kubaindi kwa spairo 1,500. Kukaa kwenye kompyuta ni 500 kwa nusu saa. Bei hizi hazimtofautishi sana na majirani zake. Kinachomtofautisha ni kwamba Anti haprinti kazi ambayo mwenye nayo hajaiangalia.

Muhula uliopita nilikuwa kwenye foleni, mbele yangu kijana wa mwaka wa kwanza ana asaimenti ya kundi ya DS 101, kozi ya masuala ya maendeleo. Ameituma kwa WhatsApp, anataka itoke haraka kwa sababu gari la kwenda Mlimani lilikuwa linakaribia kuondoka. Anti akaigeuza skrini imwelekee kijana. "Soma mwenyewe ukurasa wa kwanza, mwanangu, ndiyo niprinti." Kijana akasoma jina la kozi, jina la mwalimu, tarehe. Akafika kwenye jedwali la wanakundi. Anti akamuuliza mpo wangapi. Kumi. Akamwambia ahesabu. Walikuwa tisa. Akapiga simu palepale, akatajiwa regi namba (namba ya usajili) ya mwenzao, wakaiongeza, karatasi zikatoka, akakimbia.

Asiyesoma chuo anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Kwetu sisi matokeo yamegawanyika: maksi 40 ni za kazi na majaribio ya katikati ya muhula, 60 ni za UE, mtihani wa mwisho. Jina lako lisipokuwepo kwenye karatasi ya kundi, mwalimu mwenye wanafunzi mamia hana namna ya kujua kwamba ulikesha na wenzako mkijadili. Mnaanza kumfuata ofisini na barua, mara leo hayupo, mara kesho ana kikao. Nimeona watu wakiingia UE wakiwa na maksi pungufu kwa sababu ya mambo ya aina hiyo, halafu wanakuja kusapu, yaani kurudia mtihani, na mwaka unaofuata wanakeri, yaani wanaibeba kozi nzima upya.

Tunatoka kidato cha sita ambako kengele inakuamsha, mwalimu wa zamu anakuhesabu, na mwalimu wa somo anajua nani hajakusanya daftari. Unafika Mlimani, unaingia Nkrumah au Yombo, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, na mwalimu akimaliza anafunga kompyuta yake na kuondoka. Asaimenti inatangazwa na CR, kiongozi wa darasa, kwenye grupu usiku. Ukiiona, umeiona. Nimeshuhudia wenzangu wakidisko, yaani wakiondolewa chuo kwa kufeli, na wengi wao hawakuwa wazito darasani hata kidogo. Kilichowashinda ni kuishi bila mtu wa kuwahesabu. Ndiyo maana naithamini ile desturi ya kugeuza skrini. Ukiifanya kwa Anti mara kadhaa, unaanza kuifanya mwenyewe chumbani kabla hujashuka ngazi.

Jambo jingine ninalompendea: haandiki asaimenti za watu. Zipo sehemu utakuta karatasi imebandikwa ukutani, tunaandika asaimenti, proposo, riseachi, bei maelewano. Kwa Anti hakuna. Siku moja dada mmoja alimwekea pesa mezani, noti nzuri tu, akamwambia yeye hana muda. Anti akamrudishia. "Kuchapa nitakuchapia. Kuwaza uwaze mwenyewe." Akamwonyesha kiti cha kompyuta ya pembeni na kumwambia nusu saa ya kwanza halipi.

Hicho kiti kimefundisha wengi kuliko inavyodhaniwa. Tuliotoka shule za kata, kompyuta tuliiona ofisi ya mkuu wa shule imefunikwa kitambaa. Halafu wiki ya tatu chuoni unaambiwa lete kurasa tano, zimechapwa, nafasi moja na nusu kati ya mistari, zina namba za kurasa na marejeo mwishoni. Kijana anayefanya kazi na Anti, tunamwita Kaka, ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuweka namba za kurasa zianzie kwenye utangulizi badala ya jalada, na jinsi ya kupanga marejeo kwa alfabeti kwa kubonyeza mara moja. Pia alinizoesha kuhifadhi kazi kila nikimaliza aya, kwa sababu umeme ukikatika hauagi. Hakunitoza chochote zaidi ya muda wa kukaa. Sasa hivi nachapa kazi zangu zote mwenyewe, na kwenye kundi letu mimi ndiye ninayekabidhiwa kuunganisha vipande vya kila mtu.

Suala la pesa linahitaji maelezo marefu kidogo. Wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo wanapata hadi shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, na inakuja kwa mkupuo, bumu, yaani laki kadhaa kwa siku 60 hivi. Kuna na hadi 200,000 kwa mwaka ya vitabu na viandikwa. Kwa mtoto ambaye hajawahi kushika laki moja yake mwenyewe, simu ikilia ujumbe wa benki, wiki ya kwanza ni chipsi kuku na viatu vya soko la Karume. Wiki za mwisho ni kupiga pasi ndefu: unalala mpaka saa sita mchana ili chai na chakula cha mchana viwe kitu kimoja. Na asaimenti hazisubiri bumu. Zinakuja hasa wakati mfuko umekauka.

Anti ana daftari mbili. Moja ni ya madeni, na masharti yake ni magumu: anakukopesha kwa kazi ya darasani tu, hakopeshi picha za pasipoti wala kuprinti picha za bethdei, na deni likifika 5,000 linasimama hapo. Akishaandika jina, regi namba na kiasi, anakugeuzia daftari usome. Sijawahi kumsikia akigombana na mtu juu ya hesabu.

Daftari la pili ndilo ninalolipenda. Bumu likiingia, unaacha kwake 10,000 au 15,000, anaandika, na kila ukija anakata. Mwezi wa pili ukiwa huna hata nauli, kopi zako zipo. Mimi nilipoona linafanya kazi, nikaenda kwa mama ntilie anayepika nyuma ya zile fremu, nikamwomba tufanye hivyo hivyo kwa wali maharage. Akakubali. Tangu hapo nakula mchana kila siku hadi bumu jingine. Wenzangu wa chumbani wamefuata, na mama ntilie mwenyewe anasema inamsaidia kununua mchele kwa gunia badala ya kilo kilo.

Kuhusu desa, yaani makaratasi ya kusomea yaliyoachwa na waliotangulia: anazo pasti pepa (mitihani ya nyuma) kwenye maboksi ya karatasi za A4, zimepangwa kwa jina la kozi, za miaka mingi. Zichukueni. Zinakuonyesha mwalimu anaulizaje, na kwamba swali la chuo halitaki utaje tu sababu tano bali uzitetee. Noti za kukariri za wanafunzi waliotangulia nazo zipo, ila hizo mimi siwashauri kuzitegemea, walimu hubadilika na kozi hubadilika.

Kitabu kizima hatoi kopi. Anatoa sura moja, mbili, basi. Wengi hununa, lakini nakubaliana naye, kwanza kwa sababu sheria ya hakimiliki ipo, na pili kwa sababu Mlimani tuna maktaba iliyofunguliwa mwaka 2018 yenye nafasi za kukaa watu 2,100 kwa wakati mmoja. Wapo wanafunzi wanaofika mwaka wa pili hawajapanda ghorofa zake. Nenda na kalamu, soma sura, andika kwa maneno yako. Utakuja kwa Anti na kurasa nne za maana badala ya 200 ambazo hutazifungua.

Sasa kasoro, maana zipo. Printa ni moja. Siku ya mwisho ya kukusanya asaimenti, hasa kozi zinazosomwa na watu wengi, foleni inatoka nje mpaka kwenye jua, hakuna kiti wala kivuli. Kuanzia Juni ndiyo balaa, finalisti wanakuja na riseachi zao za kurasa 60 na kutaka nakala tatu tatu, na wa mwaka wa kwanza mwenye kurasa tano anasimama saa nzima. Anti anapaswa kutenga foleni ya kazi fupi. Nimemwambia, na kijana wa kuisimamia anaye. Wino nao huachwa mpaka unaisha kabisa, kopi zinatoka hafifu kiasi cha kusumbua macho usiku. Ukiona hivyo usichukue, mwambie arudie, hurudia bila kinyongo. Feni ni moja, na inaelekea kwenye mashine. Jumapili hafungui mpaka watu watoke ibadani, kwa hiyo mwenye kazi ya Jumatatu asubuhi ajipange Jumamosi.

Fleshi zichunguzeni pia. Kompyuta inayotumiwa na watu wengi haikosi virusi, na Kaka huziskani kabla ya kuzifungua, lakini kukiwa na watu wengi huruka hatua hiyo. Mimi siku hizi naituma kazi kwenye barua pepe yangu kwanza, kisha naifungulia pale. Inanibakizia nakala hata simu ikiibiwa kwenye daladala.

Naipa nyota nne kati ya tano, na iliyokosekana ni ya foleni ya Juni. Kwa fasti yia anayefika sasa: nenda siku moja kabla ya kukusanya, jioni baada ya saa mbili ndiyo kunapoa. Kazi iwe PDF ili mistari isihame. Andika regi namba za kundi lote kwenye karatasi pembeni, msome pamoja kwa sauti mbele ya skrini. Na usalimie ukiingia. Anti ni mtu wa salamu, anakumbuka nani anasoma nini, na akiona hujapita wiki mbili atamuuliza mwenzako wa chumbani kama unaumwa.