Mota ya ganda linalozunguka au mota ya giabokisi kwa glaida ya umeme?

Glaida ya umeme, yaani ndege ndogo ya mfano inayoongozwa kwa redio, huhitaji mota wakati wa kupanda tu, kisha propela hukunjika ubavuni na ndege huelea kwa mabawa yake. Kwa hiyo umbo la mota, ambayo hukaa ndani ya pua, ni muhimu sawa na nguvu yake. Mota yenye ganda linalozunguka huendesha propela kubwa moja kwa moja, haina gia za kuchakaa, na ni rahisi kuifunga. Tatizo lake ni unene: pua nyembamba huibana, na nyaya za servo (vimota vidogo vinavyosogeza usukani wa ndege) au za betri zikiligusa ganda hilo huchunika plastiki mpaka shaba ionekane, ndiyo maana lazima zibanwe kwenye ukuta wa bodi. Mota nyembamba, ambayo ganda lake halizunguki, ina kasi kubwa mno kwa propela hiyo, hivyo hutegemea giabokisi, yaani kisanduku cha gia za kupunguza kasi, inayoongeza gharama na kelele, lakini huingia pale ambapo ile nyingine haipiti. Kwa anayeanza ningechagua ya kwanza bila kusita. Vyovyote iwavyo, breki ya kidhibiti mwendo iwashwe, la sivyo upepo utaendelea kuizungusha propela badala ya kuikunja; servo nazo zisigundishwe kabla betri haijasogezwa mbele na nyuma kutafuta kitovu cha uzito.