Uzoefu wangu: kuvua straipa Ziwa Texoma kwa boti ya kukodi

Kwa wenzangu mnaoishi Dallas na miji ya jirani, mnaoulizia uvuvi wa mshipi: nusu siku na mwongozaji kwenye Ziwa Texoma ni hela iliyotumika vizuri, ila chagueni mwezi. Mimi nilikwenda Mei, nikarudi Agosti kwa mwongozaji mwingine, na safari hizo mbili hazikufanana hata kidogo.

Texoma liko mpakani mwa Texas na Oklahoma, mwendo wa kama saa moja na nusu kutoka Dallas. Ni ziwa la bwawa. Mto Red ulizibwa karibu na Denison na kazi ikakamilika mwaka 1944. Straipa mwenyewe, yule samaki wa rangi ya fedha mwenye milia myeusi ubavuni, asili yake ni pwani ya Atlantiki, na hupanda mitoni kutaga. Kwamba anaweza kuishi na kuzaa bila kurudi baharini kulijulikana South Carolina, baada ya mabwawa ya Santee Cooper kumfungia ndani miaka ya 1940. Oklahoma walianza kumpandikiza Texoma mwaka 1965, na leo anazaliana mwenyewe. Maziwa mengi ya bara hayana bahati hiyo, kwa sababu mayai ya straipa lazima yabebwe na mkondo kwa takriban siku mbili mpaka yaanguliwe. Yakituama kwenye tope, yamekufa. Mto Red na Mto Washita, inayoingia ziwani humo, ni mirefu kiasi cha kuyabeba.

Sisi tuliokulia Mwanza tunamfahamu sangara, naye aliletwa ziwani na watu. Straipa akishika ndoano anavuta kwa hasira ileile, ila yeye hutembea kwa makundi, kwa hiyo fimbo tatu zinaweza kupinda kwa pamoja na watu wakaanza kupishana botini huku mishipi ikitaka kusokotana.

Tulilipa dola 150 kwa kichwa, watu wanne. Ndani ya bei hiyo kuna fimbo, rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi), chambo, barafu na kazi ya kusafisha samaki. Leseni na bakshishi ni juu yako. Desturi ya huku ni asilimia 15 hadi 20, na nahodha wa Mei alistahili zaidi.

Kilichonifanya nimwamini ni chambo. Kabla hatujafika alikuwa ameshavua shad kwa wavu wa kurusha. Hawa ni samaki wadogo wa fedha ambao ndio chakula kikuu cha straipa. Aliwaweka kwenye tangi la duara, maji yanazunguka, na chumvi kidogo ndani. Nilimuuliza kwa nini duara. Akasema kwenye tangi la pembe wanajibana kwenye kona, wanajigonga pua na kufa. Na shad aliyechoka hana kazi: straipa humfuata yule anayehangaika kukimbia. Ndoano inapita puani, taratibu, ili aendelee kuogelea.

Ndoano zenyewe zilikuwa za duara, zile ambazo ncha yake imegeukia ndani, na hapa ndipo wengi tuliozoea mshipi wa mkono tunapokosa samaki. Kwetu ukisikia ameguswa unanyakua. Huku ukinyakua unamtoa ndoano mdomoni. Iache fimbo ipinde mpaka karibu na maji, kisha anza kuzungusha rili bila pupa. Ndoano itajipachika yenyewe kwenye kona ya mdomo. Breki ya rili iwe laini kiasi cha kumruhusu akimbie, maana mkimbio wa kwanza ndio unaokata mishipi. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, inashuka hadi chini, halafu unairudisha juu mizunguko michache. Sona, kile chombo cha botini kinachoonyesha samaki chini ya maji, ikionyesha kundi kwenye kina fulani, chambo kiwe juu yao kidogo, si chini, kwa kuwa straipa huwinda akitazama juu.

Usimchanganye na binamu yake mdogo, ambaye wenyeji humwita sand bass, kwa kuwa idadi zinazoruhusiwa ni tofauti. Pitisha kidole kwenye ulimi: straipa ana mabaka mawili ya meno, yule mwingine ana moja. Safari zangu zote sheria ya Texoma ilikuwa straipa 10 kwa mtu kwa siku, na kati ya hao wawili tu ndio wanaoweza kufika inchi 20 au kuzidi.

Sasa Agosti. Mwongozaji wa safari hii simtaji, lakini sitapanda tena boti yake. Straipa hupenda maji ya baridi kiasi, nyuzi za Selsiasi 18 hadi 21 hivi. Kiangazi juu kunachemka, na chini kabisa hakuna hewa ya kutosha, kwa hiyo wale wakubwa wanabanwa kwenye tabaka jembamba katikati. Ukimvuta kutoka huko hadi kwenye maji moto, ukampigia picha, kisha ukamrudisha, uwezekano mkubwa ni kwamba atakufa. Yule bwana alikuwa anarudisha wadogo mmoja baada ya mwingine ili tupate wakubwa, na nyuma ya boti tuliona matumbo meupe yanaelea. Mbaya zaidi, alitoa wengine kwenye tangi la boti na kuwatupa majini, wakati sheria ya Texas inasema straipa ukishamweka humo amehesabika kwako na harudishwi. Iliniuma sana. Kiangazi chukua wa kwanza unaowahitaji kwa chakula, kisha funga fimbo.

Nyama yake ni nyeupe na imara. Mwombe msafishaji aondoe ule ukanda mwekundu chini ya ngozi, ndio unaoleta shombo kali. Mimi nilimpaka ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, nikamchoma, kisha nikammalizia kwa tui zito la nazi. Nyama haikusambaratika.

Kabla hujalipa, muulize mwongozaji mambo haya: anatumia chambo hai au la, chambo anakihifadhi vipi, na samaki wadogo anawafanyaje wakati wa joto. Kama anasitasita kwenye swali la mwisho, tafuta mwingine. Aprili na Mei ndiyo miezi ninayoipendelea zaidi. Oktoba na kuendelea nako kuzuri, shakwe wanapojikusanya juu ya makundi na kukuonyesha pa kwenda. Leseni nunua ile maalumu ya Ziwa Texoma. Mimi niliipata kwa dola 12, na inakuruhusu kuvua pande zote mbili za mpaka, hivyo boti ikivuka kuingia Oklahoma huna wasiwasi.