NAS ya nyumbani: usiulize ina kasi gani, uliza umeme ukikatika inafanya nini

Jumamosi moja ya Machi, mvua ikipiga mabati kama imetumwa, umeme ulikatika mara nne kati ya saa nane na saa kumi mchana. Uliporudi mara ya nne watoto wa jirani walishangilia kama kawaida yao, friji ikanguruma, ruta ikawasha taa. Kisanduku changu cheupe, yaani NAS, kisanduku cha diski kinachounganishwa na ruta ili kutunza mafaili, kikabaki na taa nyekundu. Ukitega sikio unasikia tk, tk, tk, kimya, halafu tk, tk tena. Ndani yake zilikuwemo harusi sita, kipaimara kimoja cha Tukuyu na picha za mwisho za marehemu bibi yangu. Harusi mbili niliziokota kwenye kadi za kamera nilizokuwa sijazifuta. Zingine nimewaomba wenyewe msamaha, na mmoja bado hapokei simu yangu.

Kisanduku kile niliuziwa kwa maneno matamu: "Dada, hili ni wingu lako mwenyewe, uko Iringa unafungua picha zilizoko Mbeya." Na kweli nilizifungua. Sikuambiwa kwamba kina diski moja tu, wala kwamba hakina njia yoyote ya kujua kuwa umeme umekatika. Kwake kukatika kwa umeme ni kama mtu anayevutiwa kiti wakati anakaa.

Basi mwongozo huu hauna habari za kasi ya prosesa wala video za 4K. Kwa picha za familia na kazi za mpiga picha kama mimi, karibu NAS yoyote ya diski mbili inatosha kwa hayo. Mimi nina swali moja, lile la kwenye kichwa, na nimeliuliza madukani mpaka wameanza kunikwepa.

Kwanza nieleze tatizo, kwa sababu dada mmoja wa Mafinga aliniandikia kwa uchungu: yeye alikuwa na diski mbili zinazonakiliana, RAID 1, na bado yalimkuta. Alidhani akiwa na mbili yuko salama. Picha moja unayoiona wewe, diskini ni vipande vingi, na kuna daftari linaloonyesha kila kipande kimekaa wapi. Umeme ukikatika wakati daftari limeandikwa nusu, vipande vipo ila havijulikani ni vya nani. Mifumo ya sasa inajua kujirekebisha, na mara nyingi inaweza. Lakini diski mbili zinazonakiliana zinakatiwa umeme sekunde ileile, kwa hiyo kilichoharibika huku kimeshanakiliwa kule. Umeme ukirudi NAS inaweza kuanza kuzilinganisha diski zake upya, kazi ya saa nyingi kwa diski za terabaiti 4, na masika haya nani anakuhakikishia hizo saa nyingi mfululizo? RAID inakukinga na diski kufa. Kwa umeme wa kwenda na kurudi, au mtoto aliyefuta folda, haikusaidii kitu.

Dawa ni UPS, lile boksi la betri linaloshikilia vifaa umeme ukikatika, hilo kila muuzaji atakwambia akiwa tayari ameshaishika mkononi. Asichokwambia ni kwamba UPS peke yake inaahirisha tu msiba. Ikiisha chaji inazima, na NAS inaanguka vilevile, tofauti ni dakika ishirini. Unachotaka ni UPS inayoongea na NAS. Nyuma yake mara nyingi inakuwa na tundu la mraba la USB, kama lile la printa. Waya unatoka hapo unaingia kwenye NAS, na umeme ukikatika UPS inaipa habari. NAS inafunga mafaili yake taratibu, inasimamisha diski, inatulia. Umeme ukirudi inajiwasha yenyewe, mradi uliiruhusu kwenye mipangilio yake ya vifaa na umeme. Weka na ruta kwenye UPS hiyohiyo.

Nilikwenda Mwanjelwa kutafuta UPS ya namna hiyo. Duka la kwanza kijana akanipa moja nzito kama tofali. Nikaigeuza: soketi tatu, tundu la waya wa simu, basi. Nikamuuliza USB iko wapi. Akacheka. "Mama, UPS ni UPS, zote zinapiga kelele." Duka la tatu niliipata, lakini waya wake haumo kwenye boksi, "ulibaki na mteja mwingine." Hata katika Back-UPS za APC, nyingine zinalo hilo tundu na nyingine hazina, na kwa mbele zinafanana kama mapacha. Geuza nyuma kabla hujatoa hela.

Sasa vifaa vyenyewe, kwa mpangilio wangu.

Nambari moja ni Synology DS223, na nakiri mapema kwamba nina upendeleo. Ni ya Taiwan, ina nafasi za diski mbili na RAM ya GB 2, na ikiwa kazini inakula wati 17 hivi. Pasi yako inakula zaidi ya 1,000, kwa hiyo usiwe na hofu ya luku. Iliponishika moyo ni siku ya kwanza nilipochomeka waya wa UPS: ikaitambua bila programu ya ziada, ikanionyesha chaji iliyobaki, ikaniuliza nataka isubiri dakika ngapi kabla ya kujifunga. Nikaenda ukutani nikachomoa UPS kwa makusudi, moyo ukidunda. Dakika tano baadaye taa zikaanza kuzima moja moja, bila tk hata moja. Nikarudia mara tatu, mume wangu akaniuliza kama niko sawa. Na ikitokea imezimika ghafla, ikiwaka inakuandikia kwamba haikuzimwa vizuri, hata kama ulikuwa shamba. Mdogo wake, DS223j, ana RAM ya GB 1 na anaongea na UPS vilevile. Kama hela inabana, chukua huyo, ile tofauti iende kwenye UPS.

Nambari mbili ni DS224+ ya kampuni hiyohiyo, kwa mwenye matumizi makubwa: ina prosesa ya Celeron J4125 na RAM unaweza kuongeza mpaka GB 6. Hapa lazima niwaseme hata ninaowapenda. Mwaka 2025 Synology walitangaza kwamba matoleo mapya ya familia ya Plus, kama DS225+, yatataka diski zenye nembo yao. Mimi niliyezoea kuagiza diski Dar zikaja na basi, nikazipate wapi hizo Mbeya? Watu walipiga kelele dunia nzima, na Oktoba mwaka huohuo, kwenye DSM 7.3, toleo la programu inayoendesha NAS zao, wakalegeza. DS223 haimo kwenye mkumbo huo, sababu nyingine ya kuiweka juu.

Nambari tatu ni QNAP TS-233. Nao ni wa Taiwan, nayo inaongea na UPS kwa USB, na kwa bei mara nyingi inakuwa ya kirafiki zaidi. Ila Januari 2022 wahalifu wa Deadbolt walifunga mafaili ya watu wengi kupitia NAS za QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti, wakidai bitcoin 0.03 kwa kila mmoja. Ukiinunua, isasishe kila mara na usiifungulie mlango wa nje kwenye ruta.

Visanduku vya diski moja na ruta za kuchomeka flashi: soma tena aya ya kwanza.

Diski zinauzwa kando, na hapo ndipo wanapotupigia. Zipo diski za SMR, ambazo mistari ya kuandikia imepandana kama mabati ya paa. Ukitaka kubadilisha bati moja lazima ufumue na yaliyo juu yake, kwa hiyo NAS ikianza kujijenga upya inachoka vibaya. Mwaka 2020 ilibainika kwamba kampuni ya WD walikuwa wameweka SMR kwenye diski zao za Red za terabaiti 2 mpaka 6 bila kusema. Siku hizi WD Red Plus na Seagate IronWolf ni CMR, mistari haipandani. Lile neno Plus lisomwe kwenye diski yenyewe, boksi lisikudanganye.

Na saa za kazi. Diski inajihesabia saa ilizowashwa, na NAS inakuonyesha kwenye SMART, taarifa ya afya ya diski. Diski yangu "mpya kabisa, imefungwa na nailoni yake" ilisoma saa 23,410. Gawanya kwa 24: siku 975, miaka miwili na miezi minane imekuwa kazini kwa mtu mwingine kabla sijaiharibia nailoni. Muuzaji akasema namba hizo huwa zinatoka kiwandani.

Bei nazo zinanitesa. Marekani DS223 ilitoka kwa dola 250 hivi bila diski. Usafiri upo, VAT ya asilimia 18 ipo, duka nalo lile, sibishi. Lakini nilitajiwa milioni moja na laki nne na mtu ambaye, nilipomuuliza kama inajiwasha umeme ukirudi, alisema, "Dada, unabonyeza tu hapa." Saa nane usiku nikiwa Kyela kwenye send-off, nani atabonyeza?

Ile diski ya saa 23,410 niliirudisha na risiti na picha ya SMART niliyoichapisha kwa rangi. Nimeambiwa nije Jumatatu. Hii ni Jumatatu ya tano.