Uzoefu wangu wa kununua mbegu za mboga Mombasa: stika, tarehe na rafu ya duka

Ninapanda bamia, tungule, mabiringani na mchicha kwenye ndoo na viroba juu ya dari ya nyumba yetu Kisauni, na mbegu ninazinunua katika maduka ya pembejeo ya hapa mjini. Tathmini hii inahusu mbegu hizo pamoja na huduma ya stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalosimamia afya ya mimea na ubora wa mbegu nchini Kenya. Ninawaandikia hasa watu wa Pwani, kwa sababu ushauri mwingi unaotufikia umetolewa na wakulima wa bara, ambako hewa ina baridi zaidi kuliko ya kwetu.

Nianze na stika, kwa kuwa inastahili sifa. Pakiti ya mbegu iliyothibitishwa hubandikwa stika yenye sehemu ya kukwangua. Ukikwangua unapata namba ya siri, unaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, na jibu linakueleza kama mbegu hiyo ni halali. Mimi huituma nikiwa bado nimesimama mbele ya kaunta, na muuzaji mwaminifu hakasiriki. Mbegu zinazopimwa kwa kijiko kutoka kwenye gunia na kufungwa katika vifuko vya plastiki visivyo na maandishi sizinunui hata zikiwa za bei ya chini, maana hapo hakuna stika, hakuna tarehe, wala hakuna kampuni ya kuulizwa.

Hata hivyo, stika inathibitisha asili ya mbegu tu. Haisemi lolote kuhusu namna ilivyohifadhiwa tangu ilipotoka ghalani. Mbegu ni kiumbe hai kinachopumua polepole, na vitu viwili vinavyoimaliza haraka ni joto na unyevu, ambavyo Mombasa tunavyo mwaka mzima. Wataalamu wa uhifadhi hutumia kanuni kwamba kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, au joto la mahali pa kuhifadhia linaposhuka kwa takriban nyuzi 5, uhai wa mbegu huongezeka karibu mara mbili, na kinyume chake pia ni kweli. Niliwahi kununua mbegu za vitunguu zenye stika halali na tarehe ambayo haijapita, lakini pakiti zilikuwa zimetundikwa kwenye waya mlangoni mwa duka, jua la mchana likizipiga, na zilizoota zilikuwa chache mno. Mbegu za aina ileile, nilizozipata katika duka jingine ambalo huziweka ndani, kwenye rafu ya kivulini mbali na mabati, ziliota vizuri katika kitalu kilekile na kwa maji yaleyale. Tangu hapo rafu ya duka ndiyo ninayoiangalia kwanza, kisha tarehe, na jina la kampuni linakuja mwisho. Kwa vitunguu nina ukali zaidi, kwa kuwa uhai wa mbegu zake ni mfupi, takriban mwaka mmoja katika hali ya kawaida, ilhali tungule na mabiringani huweza kudumu miaka kadhaa zikitunzwa vyema.

Kuhusu ufungaji, pakiti za karatasi ya aluminiamu na makopo yaliyofungwa kiwandani yamenifaa kuliko pakiti za karatasi, ambazo hunyonya unyevu wa hewa yetu. Pakiti ikishafunguliwa faida hiyo inaisha, kwa hiyo zinazobaki ninazihamishia katika chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, pamoja na mchele uliokaangwa mkavu na kupoa ili unyonye unyevu, kisha chupa inakaa ndani ya friji.

Kabla ya kusia, ninafunga mbegu 20 katika karatasi laini yenye maji na kuziweka mahali penye joto. Zikiota chini ya nusu, sizipi nafasi kitaluni. Kwa kazi hii ninatumia maji ya mvua au ya mfereji, kwa sababu visima vingi vya Mombasa vina chumvi, na chumvi huzuia mbegu kuota hata iwe nzima kiasi gani. Mtu anaweza kulilaumu duka bure. Bamia, ambayo ganda lake ni gumu, ninailoweka usiku kucha.

Aina nazo zina uzito wake. Tungule hupata taabu kushika matunda usiku unapokuwa na joto la zaidi ya nyuzi 21 hadi 24, kwa hivyo hata mbegu bora kabisa ikisiwa ili ichanue wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari, itamwaga maua. Mimi huzisia ili zichanue kusi likishaingia, kati ya Juni na Agosti. Cal J na Rio Grande, aina mbili za tungule, si chotara (yaani si zao la kuchanganya aina mbili tofauti), na bei yake inamfaa mtu wa ndoo chache. Mbegu za chotara, zenye alama ya F1, ni ghali na ukitoa mbegu katika matunda yake hazirudii sifa za mama, basi bajeti ya kununua upya ipangwe mapema. Bamia na mchicha wa kawaida ninajitolea mbegu mwenyewe kutoka kwa mashina yenye nguvu, nikiacha maganda ya bamia yakaukie mtini kabla ya kuyachuma.