Chati ya wabunge wa Malindi: ubishi wa majina umekwisha, mwingine bado

Nauza kahawa chungu na mahamri barazani, upande wa Shella hapa Malindi. Wateja wangu ni wazee wasiofika kikombe cha pili bila kugombania nani alikuwa mbunge lini. Ndiyo sababu nilitoa shilingi 350 kwa hii chati ya ukutani ya eneo bunge letu, inayochapishwa na kijana mmoja mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti.

Kwanza kazi ya mkono. Karatasi ni kubwa, imefunikwa plastiki, na mvuke wa dele la kahawa haujaifanya kitu. Majina yanasomeka hata ukikaa benchi la nyuma. Idadi ya wapiga kura imeandikwa kwa herufi za sisimizi, tena bila mwaka. Hesabu ya wapiga kura isiyo na mwaka ina faida gani? Pale nimebandika kalenda.

Wadi ndipo alipoteleza vibaya. Zetu ni tano: Jilore, Kakuyuni, Ganda, Malindi Mjini na Shella. Yeye kaongeza Sabaki, ambayo ni ya Magarini. Na picha aliyoweka kwenye Shella ni ya Lamu, ile michanga mirefu ya ufukweni! Kweli Lamu Magharibi nao wana wadi ya Shella, lakini wa kule hawapigi kura kwetu. Mzee mmoja mwenye asili ya Lamu alicheka mpaka kahawa ikampalia.

Orodha ya wabunge ndiyo iliyonirudishia pesa yangu. Gideon Mung'aro 2007, Dan Kazungu 2013, Willy Mtengo 2016, Aisha Jumwa 2017, Amina Mnyazi 2022. Uchaguzi mdogo wa Machi 2016 hakuusahau, na wengi huusahau: Kazungu alikuwa ameteuliwa waziri wa madini, kiti kikabaki wazi, Jubilee, muungano uliokuwa ukitawala nchi, wakaja kwa kishindo na bado chama cha ODM wakakichukua. Ningependa pia wabunge wa enzi za utawala wa chama cha KANU, maana wazee wananiuliza kila asubuhi.

Sasa kile kisanduku cha pembeni, "Mpiga kura wa Malindi". Kimeandikwa: Mmijikenda, mkulima, ODM. Basi! Ni kweli Wagiriama, ambao ni Wamijikenda, ni wengi, na ukipanda Jilore au Kakuyuni utasikia habari za mahindi, mvua na hatimiliki za mashamba. Lakini huku mjini kuna Waswahili, Wabajuni, Waarabu, na watu wa bara walioletwa na hoteli na biashara. Mvuvi na kijana anayewatembeza watalii ufukweni hawaulizi mgombea swali moja. Na Mtaliano, hata azeeke kwenye jumba lake hapa, bila uraia hana kura.

Hilo neno ODM nalo linaficha mambo. Itazame tena orodha: wote watano waliingia kwa chama hicho hicho, na hakuna hata mmoja aliyemaliza muhula akarudishwa papo hapo kwa wa pili. Chama hatubadilishi, mtu tunabadilisha, na vita vyenyewe huwa kwenye mchujo wa chama, kabla ya siku ya kura. Wengine huondoka wenyewe kutafuta makubwa. Ugavana wa Kilifi, kaunti yetu, mwaka 2022 uliwakutanisha wawili wa kwenye chati hii, Mung'aro na Jumwa, huyu akiwa amehamia chama cha UDA, na Mung'aro akashinda. Safu moja ya "alielekea wapi baadaye" ingefaa kuliko kile kisanduku kizima.

Nampa nyota tatu kati ya tano. Kijana kasikiliza malalamiko yangu bila kununa, na Sabaki ameahidi kuiondoa toleo lijalo. Ukienda, chukua ya plastiki. Ile ya karatasi tupu, kwa chumvi ya upepo wetu, itajikunja kabla hujaifikisha ukutani.