Tahadhari: kijana wa oili na kipima joto, Usa River hadi Kikatiti

Jamani wenye matrekta, naandika hii kwa aibu. Shamba la Kikatiti mnalijua, Massey langu mnalijua, siwachoshi.

Alhamisi tulilima tangu saa moja asubuhi hadi saa sita. Dereva akalalamika kwamba gia boksi inamuunguza mguu. Hapo hapo kijana akaegesha pikapu, ovaroli safi, shikamoo mzee mpaka chini. Mwaka jana alimtengenezea jirani yangu pampu ya maji, na ikafanya kazi. Ningemkataaje? Akatoa kile kipima joto cha kufyatua kama bastola, akalenga gia boksi: nyuzi 84. "Mzee, ikivuka 60 oili imekufa. Heka moja tu zaidi, gia zinasagika." Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akanidondoshea tone kiganjani, akalisugua kwa dole gumba. "Unaona ilivyo nyepesi?" Nikasema naona. Naona nini mimi! Oili imetoka kwenye moto, itakuwa nzito?

Ndoo tatu za lita 20, 165,000 kila moja, wakati mjini nimezoea laki mbili na zaidi. Masika yananukia, nikatuma 495,000 kwa simu. Halafu, na hapa ndipo ninapoumia, oili yangu ya rangi ya asali akaikinga kwenye madumu yake, akapakia. "Nikakutupie mzee, isikuharibie udongo." Nikamshukuru. Nikamkatia na mkungu wa ndizi.

Jumamosi jembe likaanza kushuka lenyewe, maana oili ya gia boksi ndiyo hiyo hiyo inayolinyanyua. Fundi kutoka Moshi alicheka kwanza, akafungua baadaye. 84 kwa trekta lililolima kwa muda wa saa tano juani si kifo cha oili. Kilichozidisha joto ni ile rejeta ndogo ya oili kule mbele, imezibwa na makapi ya mahindi huwezi kupitisha hata sindano. Kompresa dakika kumi, kwisha habari. Ila "oili mpya" ilikuwa inatoka na povu, na chujio limejaa tope jeusi.

Sasa nikikumbuka: pembeni ya vizibo palikuwa na gundi, namba za toleo zimekwaruzwa, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, "nitaleta kesho". Na hakuifungua hata grili ya mbele. Fundi gani wa joto asiyeangalia rejeta?

Huyu awekwe ndani mpaka masika yapite, anyang'anywe bastola yake ya uongo, na ule mkungu aurudishe ukiwa mbichi vile vile! Polisi Usa nimeshafika. Simu yake haipatikani tangu Jumapili.

Fundi anasema oili hiyo imeshatumika kwenye mashine ya mtu. Kama kuna aliyekingiwa oili na huyu kijana kabla yangu, aje aitazame, huenda ni yake. Yangu sijui iko shamba la nani.