Avignon: Moshi wa Ubani Kwenye Ngozi

Asalaam aleikum wapenzi, hamjambo? Leo nimekaa kibarazani kwetu Bagamoyo, magharibi imeshapita, na mbele yangu nina chetezo cha bibi na chupa hii ya manukato, Avignon, ya kampuni ya Comme des Garçons. Wengi mmeniuliza kama kweli inanukia moshi. Ngojeni nitie ubani kwanza.

Tazameni punje hii juu ya kaa. Inatoa jasho, inachemka pembeni, ndipo inafuka. Sasa nuseni mapema, kabla moshi haujawa mzito: kuna ndimu pale! Kila siku tunafukiza na hatuisikii.

Haya, napuliza mkononi. Ndimu ile ile, na ukali kama wa pilipili manga. Ubani ukikamuliwa kwa mvuke, mafuta yake hayana moshi hata kidogo. Yananukia ndimu na msonobari. Moshi inabidi mtengenezaji aujenge kwa vitu vingine. Bertrand Duchaufour ndiye aliyeitunga hii, ikatoka mwaka 2002 pamoja na nyingine nne za uvumba, na jina ni la mji wa Ufaransa walikokaa Mapapa kuanzia 1309 hadi 1377.

Baada ya dakika kumi hivi inakauka, inapoa. Hapo ndipo iliponishika. Nikiwa mtoto nilikuwa napita chini ya miembe ya misheni, ile iliyoanzishwa 1868, watu wanatoka Misa, na upepo unaleta harufu hii hii: moshi uliokwisha kutulia kwenye mawe na mbao kuukuu. Mimi ni Mwislamu, lakini harufu ile ilikuwa ikinisimamisha njiani.

Msitarajie udi. Udi wetu tunaupika kwa sukari na marashi, una utamu, unamwita mtu chumbani. Hii haina utamu. Harusini usiivae, itakuwa kama umekuja na huzuni yako. Si bure ubani kwetu ni jina la mchango wa msibani pia.

Mimi naivaa baada ya isha, nyumba ikishalala, nikitaka kusoma au kukaa tu na mawazo yangu. Mipulizo miwili, basi. Mnaojiepusha na spiriti mnaposwali, pulizeni baada ya swala, au mbaki na mafuta ya ubani. Na kwa kuwa ni chupa ya bei, anzeni na kichupa cha kujaribia, mkae nacho siku tatu.

Juzi nilipuliza kwenye pembe ya kanga hii. Alfajiri nilipojifunika nitoke uani, ndimu ilikuwa imeondoka yote, pilipili imeondoka. Kumebaki moshi mwembamba kabisa, kama chetezo kilichozimwa chumba cha pili.